Kipindi cha 11: Kaka Yake Ana Usonji, Mdogo Wake Aambiwe Nini?

Wiki iliyopita tulizungumza kuhusu minyoo na usafi wa vyoo, na nawashukuru wote mliotuma ujumbe. Leo nina jambo ambalo halina tembe wala sindano, na ambalo mimi mwenyewe nililikosea kabla ya kulijua.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikimtembelea mama mmoja katika mtaa ninaofanyia kazi. Ana watoto watatu. Kifungua mimba ni mvulana, wakati huo alikuwa na miaka tisa, naye ana usonji. Haongei. Wa pili ni msichana, alikuwa na miaka sita. Kitinda mimba alikuwa bado ananyonya, na siku hiyo nilikuwa nimeenda kumpima uzito. Nikiwa natundika mizani, yule msichana alinivuta aproni akaniuliza, "Sista, kaka ataanza kuongea lini?" Nilikuwa na nyumba nne zaidi za kutembelea na mawingu yalikuwa yametanda. Nikamjibu upesi, "Akikua ataongea." Akatabasamu, akarudi kucheza.

Baada ya miezi kama saba nilirudi. Kwenye mwimo wa mlango niliona mistari ya makaa, mmoja juu ya mwingine. Nikamsifu mama kwa kupima urefu wa watoto wake. Akaniambia si yeye. Ni yule msichana. Kila Jumapili alikuwa akimsimamisha kakake pale mlangoni, anamwekea daftari kichwani na kuchora mstari. Aliponiona alinishika mkono akanipeleka mpaka kwenye ile mistari. "Sista, amekua. Mbona haongei?"

Msikilizaji, mimi nina stashahada ya uuguzi, na nimejibu maswali ya madaktari na ya wakaguzi kutoka wizarani. Siku hiyo sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa miaka sita.

Kwa hiyo leo tuzungumze kuhusu hao watoto wengine. Nyumba ikiwa na mtoto mwenye usonji, sote tunamwangalia yeye. Daktari anamuuliza mama habari zake, jirani anamsengenya, nyanya anamwombea. Dada na kaka zake wamekaa pale pembeni wakisikia kila kitu, na hakuna anayewaeleza lolote.

Kwanza tukumbushane usonji ni nini, maana hata sisi watu wazima tunachanganya. Wengine huuita tawahudi. Ni tofauti katika namna ubongo unavyokua, na huanza mapema sana, kabla mtoto hajazaliwa au katika miaka yake ya mwanzo. Mtoto huwa na shida ya kuwasiliana na kuelewana na watu. Wengine hawaongei kabisa, wengine wanaongea sana lakini juu ya jambo moja tu, na wengine hurudia maneno uliyosema kama mwangwi. Wengi hupenda mambo yafanyike vilevile kila siku: njia ileile, kikombe kilekile. Wengine hupepea mikono, hujizungusha, au hukaa saa nzima wakitazama gurudumu likizunguka. Sauti, mwanga au mguso ambao wewe huusikii hata kidogo unaweza kumuumiza. Hakuna watoto wawili wenye usonji wanaofanana. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hivyo usifikiri ni wewe peke yako. Katika shule kubwa ya msingi ya kwetu, huenda wako kadhaa, na huenda wengine wako nje ya lango kwa sababu hawakuandikishwa.

Sasa chanzo. Si laana wala majini. Si kwa sababu mama alikula kitu fulani akiwa mjamzito, au kwa sababu baba alivuka mpaka wa ukoo. Urithi una sehemu kubwa, na watafiti bado wanaendelea kufuatilia mengine. Huko Ulaya na Marekani, katika miaka ya 1950 na 1960, kulikuwa na madaktari waliowalaumu akina mama kwamba wana mioyo ya baridi na hawakuwapenda watoto wao. Walikosea, na walivunja nyumba nyingi. Tusifikiri basi kwamba kumlaumu mama ni tabia ya vijijini kwetu tu.

Si chanjo pia. Mwaka 1998 daktari mmoja Uingereza aliandika katika jarida la kitabibu akihusisha chanjo ya surua na usonji. Jarida lenyewe liliifuta makala hiyo mwaka 2010, na mwaka huohuo daktari huyo akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa nchi hiyo. Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, wakatoa matokeo mwaka 2019: waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wale ambao hawakuchanjwa. Hapa Kenya chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, na huo ndio umri ambao dalili za usonji huanza kuonekana wazi. Ndiyo maana mama mwenye uchungu huunganisha mambo hayo mawili. Simlaumu. Lakini asimnyime mdogo wake chanjo, maana surua inaua.

Unaweza kuuliza, sista, mbona unatueleza sisi haya na kipindi ni cha watoto? Ni kwa sababu mtoto huchukua maelezo yanayosemwa kwa kunong'ona. Msiponena naye, atasikiliza mlangoni. Na asipopata kitu mlangoni, atajitungia mwenyewe, na kile anachojitungia mara nyingi ni kibaya kuliko ukweli.

Nawapa mfano. Nilikutana na mvulana wa miaka saba ambaye mdogo wake alikuwa ameanza kusema maneno machache, "mama", "maji", "paka", kisha alipokaribia miaka miwili maneno yakapotea. Jambo hilo hutokea kwa baadhi ya watoto wenye usonji. Wazazi walilia, wakaenda hospitali, wakarudi, wakaenda kwa maombi. Mvulana huyu alianza kukojoa kitandani. Mama yake alidhani ni uvivu. Tulipokaa naye nje chini ya mwembe, tukimenya njegere pamoja, alisema bila kuniangalia kwamba ni yeye. Aliwahi kumwangusha mdogo wake kutoka kwenye kiti na hakumwambia mtu. Alikuwa amebeba jambo hilo karibu miaka miwili. Nilimwambia mara tatu, na mama yake akamwambia tena usiku huo, kwamba kuanguka kwenye kiti hakuleti usonji, kufikiria mabaya juu ya mtu hakumletei usonji, na kukataa kucheza naye hakuleti usonji.

Watoto wa kati ya miaka minne na saba hufikiri hivyo. Kwao, jambo likitokea nyumbani lazima kuna aliyelifanya, na mara nyingi ni wao. Kwa hivyo hata kama mwanao hajauliza, mwambie: "Si wewe uliyefanya kaka awe hivi. Si mimi, si baba. Alizaliwa na ubongo unaofanya kazi kwa njia yake." Mwambie pia kwamba haiambukizi. Nimeona mtoto anayekataa kunywa kwa kikombe cha dada yake, na watu wazima wakacheka wakidhani anadeka. Alikuwa anaogopa kupoteza sauti.

Mdogo zaidi, wa miaka miwili au mitatu, hahitaji jina la hali hiyo. Anahitaji maneno mafupi kwa kile anachokiona. "Kelele zinamuumiza kaka." "Kaka hapendi kushikwa kichwani." "Kaka akipepea mikono, amefurahi." Ukifika miaka mitano au sita, mpe jina lenyewe: usonji. Msifanye jina hilo kuwa siri. Mtoto akilisikia kwanza kwa jirani, tena kwa sauti ya kejeli, litabaki na ladha hiyo.

Wa miaka minane kwenda juu anataka mengine. Anataka kujua kama ni haki. Anataka kujua wenzake wakija nyumbani watasema nini. Na kuna swali ambalo hathubutu kuuliza: je, mama na baba wakifa, nitabaki naye mimi?

Maneno peke yake hayatoshi kwa mtoto, hivyo nitawafundisha michezo miwili ninayoitumia. Haina gharama.

Wa kwanza: waketishe watoto chini. Fungua redio kwa sauti ya juu, mmoja agonge sufuria kwa kijiko, mwingine amsugue mwenzao shingoni na kipande cha gunia, na mwingine ammulike machoni na tochi ya simu. Kisha muulize yule anayesuguliwa, taratibu kabisa, "Kumi na mbili kutoa tano ni ngapi?" Atapiga kelele muache. Zima kila kitu. Mwambie, "Hivyo ndivyo sokoni kunavyokuwa kwa kaka. Ndiyo sababu huziba masikio na kulia." Nimeona watoto wakinyamaza kimya baada ya mchezo huo. Msichana mmoja alisimama, akaenda kupunguza sauti ya televisheni mahali alipokuwa kakake. Hakuna aliyemtuma.

Wa pili: mwambie mtoto aombe kitu anachotaka bila kutumia mdomo na bila kunyoosha kidole. Mpe dakika mbili. Wewe jifanye huelewi, mletee kiatu, mletee ufagio. Atakasirika, wengine hutupa kitu chini. Hapo muulize, "Umejisikiaje?" Sasa anajua ile hasira ya kaka inatoka wapi.

Lakini tahadhari, msikilizaji. Kuelewa hasira si sawa na kupigwa kila siku. Hapa ndipo wazazi wengi tunakosea, kwa nia njema. Mvulana anararua daftari la dadake la kazi ya nyumbani, dada analia, na sisi tunasema, "Mvumilie, yeye ni mgonjwa." Kwanza, usonji si ugonjwa wa kuambiwa hivyo. Pili, tumemwambia yule msichana kwamba machozi yake hayana thamani. Mara ya tano hatalia mbele yako tena. Atamfinya kakake mkiwa sokoni, au ataacha kufanya kazi ya nyumbani, na mwalimu atadhani ni mzembe.

Sema hivi: "Una haki ya kukasirika. Daftari lako limeraruka na ulilifanyia bidii. Huna ruhusa ya kumpiga. Njoo tuandike pamoja upya, na kesho nitamweleza mwalimu." Halafu fanya kitu. Tafuta sanduku lenye kufuli, au rafu ya juu, ambapo vitu vya mtoto huyo vinakaa salama. Fundi wa mtaani anaweza kukutengenezea kwa mbao za kuokota. Kwa mtoto anayelala chumba kimoja na watu watano, sanduku lenye ufunguo wake mwenyewe ni kitu kikubwa.

Na kaka anapokuwa katika hali ya kulipuka, anagonga kichwa, anatupa vitu, kazi ya mdogo ni moja tu: kuondoka hapo na kumwita mtu mzima. Asijaribu kumshika wala kumkumbatia. Kubalianeni mapema ni mlango gani atatokea na ni jirani gani atakimbilia. Mfanye mazoezi siku ambayo nyumba imetulia.

Hapo hapo niseme jambo la hatari ambalo halizungumzwi vya kutosha. Watoto wengi wenye usonji hutoka na kwenda zao bila kuaga, na wengi huvutiwa na maji: mto, bwawa, kisima, hata shimo la machimbo lililojaa mvua. Kuzama ni tisho la kweli kwao. Funikeni visima. Waambieni majirani na watu wa bodaboda wamjue kwa sura. Na wafundisheni ndugu zake kwamba wakimwona amekwenda, wapige yowe mara moja, wasingoje kuona kama atarudi, na kamwe wasiingie majini kumfuata. Baadhi ya wazazi, kwa hofu hiyo, humfunga mtoto kamba kitandani wakienda kibarua. Nimewakuta, na sikuja hapa kuwatukana, maana najua kibarua kisipoenda hakuna ugali. Lakini jueni kwamba mdogo wake anaangalia ile kamba. Anajifunza kwamba kaka ni kitu cha kufungwa. Zungumzeni na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Mara nyingi nimeona tukipata majirani wawili au watatu wa kupokezana kabla ya kufika kwenye kamba.

Sasa nizungumze kuhusu msichana mkubwa. Mnanielewa. Kwetu, msichana wa kwanza ni mama wa pili. Anambeba mdogo mgongoni, anasomba maji, anapika. Kukiwa na mtoto mwenye usonji, mzigo wote huangukia kwake, mpaka siku moja mama anasema, "Leo usiende shule, nina kibarua." Kesho hivyo hivyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inasema kila mtoto lazima aende shule, yeye na huyo mwenye usonji pia. Kusaidia nyumbani ni malezi mazuri, na mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Lakini mpe kazi yenye mwisho. "Kaa naye mpaka nimalize kufua, kisha nenda ukacheze kati." Hiyo ina mwisho. "Mwangalie kakako" haina mwisho, haina usiku wala mchana.

Akina mama huniambia, "Sista, unasema niwape hawa wengine muda wao. Huo muda nautoa wapi?" Ni swali la haki. Sisemi muende hotelini. Mama mmoja humchukua binti yake peke yake Jumamosi jioni kumsuka nywele. Mlango unafungwa, baba anakaa na yule mvulana nje, na kwa muda wa mistari minane au kumi ya nywele yule binti ana mama yake mzima. Baba mwingine hupeleka maziwa kwenye kituo cha kuuzia na mwanawe wa pili nyuma ya baiskeli. Hawazungumzi mambo ya usonji. Wanazungumza mpira.

Tuje kwenye kucheza. Wengi hudhani mtoto mwenye usonji hataki mwenzake. Mara nyingi anataka, ila hajui mlango wa kuingilia. Mfundishe mdogo aanze na kile anachokipenda kaka. Kama kaka anapanga vizibo vya soda mstari mmoja, mdogo naye akae kando apange vyake. Asiongee, asiguse vya mwenzake. Siku ya tatu au ya nne, amsogezee kizibo kimoja. Huenda akakichukua, huenda akakisukuma. Akikichukua, hilo ni salamu.

Kuna picha pia. Hii niliiona ikifanya kazi kwa yule mvulana wa mistari ya makaa. Mama alikata picha kutoka kwenye pakiti za unga, maziwa na sabuni, na msichana akachora kikombe, choo na mpira kwenye vipande vya katoni. Wakavitoboa na kuvining'iniza kwa uzi karibu na meza. Kila mvulana alipotaka kitu, walimwongoza mkono ashike picha, awape, kisha wakampa kitu hicho papo hapo. Ilichukua majuma mengi, na kwa muda mrefu picha ya maziwa peke yake ndiyo aliyoijali.

Ni wakati huohuo nilipokaa na yule msichana kumwambia ukweli, mama yake akiwepo. Nilimwambia, "Nilikukosea. Nilisema akikua ataongea. Sikujua hivyo. Usonji hauondoki mtu akiwa mrefu. Huenda siku moja akasema maneno, huenda asiseme. Lakini anaendelea kujifunza." Akauliza, "Hata akiwa mrefu kama baba?" Nikasema, "Hata hapo." Alikaa kimya kitambo, kisha akalia, na mama yake akamwacha alie. Siku nyingine nilipopita alinikimbilia kuniambia kwamba kaka amempa picha ya kikombe yeye, si mama. Alimpa maji. "Ameniongelesha," akasema.

Wazazi, msiogope kusema "sijui". Mtoto anaweza kuishi na "sijui, lakini nikijua nitakuambia". Hawezi kuishi na ahadi anayoipima kila Jumapili.

Na yale ya shuleni? Yatatokea. Wenzake watamwita kakake kichaa, bubu, au watamwigiza njiani. Mpe mwanao jibu fupi alilolizoea mdomoni kama anavyojua jina lake: "Kaka yangu ana usonji. Haongei lakini anasikia. Twende tucheze." Fanyeni mazoezi nyumbani, wewe ukiwa yule mchokozi. Watoto hufurahia sana kumwona mama akiwa mchokozi. Na siku asipotaka kujibu, pia ni sawa. Yeye si msemaji wa ukoo. Mwalimu wake aambiwe hali ya nyumbani, ili akichelewa au akisinzia darasani baada ya usiku mbaya asiadhibiwe bure. Na sisi watu wazima tuache yale maneno yetu. Ukimwita mtoto wa jirani zuzu mbele ya wanao, umewapa silaha ya kwenda nayo shule.

Sasa nijibu jumbe tatu.

Baba mmoja anauliza kama mtoto wake wa pili, mwenye miezi kumi, naye atapata usonji. Uwezekano upo zaidi kuliko katika nyumba nyingine: utafiti umeonyesha kwamba kati ya watoto 100 wanaozaliwa wakiwa na ndugu mkubwa mwenye usonji, takriban 20 hupatikana nao. Maana yake takriban 80 hawapati. Usimkodolee macho usiku kucha, lakini mfuatilie. Kama kufikia mwaka mmoja hageuki akiitwa jina, au kufikia miezi 18 hanyooshi kidole kukuonyesha kitu, mlete kliniki na kile kitabu cha afya ya mama na mtoto. Mtoto akipoteza maneno aliyokuwa nayo, mlete wakati wowote bila kungoja tarehe ya kliniki.

Nyanya mmoja anasema mjukuu wake wa miaka mitatu ameanza kupepea mikono kama kakake, na anaogopa ameambukizwa. La, shosho. Mtoto wa umri huo huiga kila mtu, pamoja na wewe unavyotembea na mkongojo. Kama anaongea, anacheza na kukuangalia usoni kama kawaida, mwache aige. Kama una wasiwasi wowote, kliniki haina malipo ya kuuliza.

Mama wa tatu anauliza aanzie wapi, maana kijana wake ana miaka mitano na hajawahi kuonwa na mtu. Anza na kituo cha afya kilicho karibu ili wapime masikio na kuangalia kama ana kifafa, maana kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi ya wengine. Uliza pia kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu, kile walimu hukiita EARC. Vituo hivi vimekuwepo nchini tangu 1984, na kazi yao ni kumtathmini mtoto na kuelekeza shule inayomfaa. Kisha uulize kuhusu kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2003 wazazi wenyewe walianzisha Autism Society of Kenya, na Shule ya Msingi ya City jijini Nairobi ni miongoni mwa shule za umma za mwanzo kufungua kitengo cha watoto hawa. Unapokwenda huko kote, kama nauli inaruhusu, siku moja mchukue na yule mdogo. Aone watoto wengine kama kaka yake, na aone wadogo wengine kama yeye, wamekaa kwenye benchi wakingoja.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhara na namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa kipimo sahihi. Uwe na kijiko cha chai karibu na redio. Hadi hapo, mimi muuguzi wenu, nawatakia jioni njema.